Ndoo ya Juno

Mjomba Isom aliwavisha farasi viatu vya chuma maisha yake yote, na tangu vita viishe hakupanda farasi hata mara moja. Alikwenda kwa miguu. Kanisani kwa miguu, mjini kwa miguu, kwenye matanga ya mtu ng'ambo ya mto kwa miguu, jua la Julai likimchoma utosini na magari ya farasi yakimpita na kumtimulia vumbi. Mtu akisimama akamwambia, "Panda, Mjomba, njia yetu moja," yeye alijibu, "Nenda salama, mwanangu, miguu yangu haijanikosea." Vijana walimcheka. Eti mhunzi anayewaogopa farasi! Haya, wacheke. Nitawapa habari yake tangu mwanzo, na atakayetaka kucheka baada ya hapo, mdomo ni wake.

Isom alizaliwa mali ya akina Tarpley, wenye shamba la tumbaku kusini mwa Virginia, kama babake alivyozaliwa. Kazi yake ilikuwa zizini. Mkewe alikufa akamwachia watoto wawili: Wiley, kijana aliyekwisha kuota ndevu, na Thenie, kisichana chenye maneno mengi kuliko meno.

Vita vya Kusini na Kaskazini ya Marekani vilipoanza, kijana wa nyumba ile, Leonidas Tarpley, ambaye kila mtu alimwita Lon, aliapa kwamba yeye hatakwenda vitani kwa miguu. Na hapa nisikilizeni vizuri, maana yote yanatokea hapa. Huko kwetu Kusini serikali haikumpa askari farasi. Askari wa farasi alikuja na wake mwenyewe, kutoka kwao. Farasi akiuawa vitani, serikali ilimlipa mwenyewe, tena kwa noti ambazo mwishoni hazikununua hata mkia. Akifa kwa njaa, kwa kuchoka au kwa ugonjwa, shauri yako. Unapewa ruhusa ya wiki chache uende nyumbani ukatafute mwingine, na ukirudi mikono mitupu unapelekwa kukanyaga matope na askari wa miguu. Kwa mtoto wa mwenye shamba, heri kaburi.

Mamake Lon, Bibi Augusta, hakuwa na farasi wa kwenda vitani. Alikuwa na watu. Akamuuza Wiley kwa mchuuzi aliyekuwa akipeleka watu Alabama, na wiki ile ile akaletwa Juno, farasi jike wa hudhurungi mwenye baka jeupe kwenye paji la uso. Isom ndiye aliyempokea langoni. Alishika hatamu, akamzungusha uani mpaka jasho likamkauka, akampa maji. Mwanawe alikuwa amekwenda, na hiki ndicho kilichokuja badala yake, nacho kilikuwa na kiu.

Basi alimchukia. Siwezi kuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa niseme alimpenda tangu siku ya kwanza. Alimchukia kila alipomtia macho.

Siku ya kuondoka, Bibi Augusta alikuwa ukumbini akimenya njegere, Isom chini ya ngazi ameshikilia hatamu za Juno. Bibi akamwambia mwanawe, "Mtunze huyu, Lon. Akikufia, sina tena cha kuuza ila kale katoto ka Isom." Hakunong'ona. Isom alikuwa amesimama pale pale, karibu kiasi cha kuokota njegere zilizoanguka. Lon akasema, "Usijali, Mama, Isom atamtunza," na akamtazama Isom, na Isom akaitika, "Ndiyo, Bwana Lon."

Thenie alikuwa amekaa juu ya ua wa mbao, miguu inaning'inia.

"Baba, ukirudi uniletee utepe."

"Wa rangi gani?"

"Wowote. Ila usiwe wa kijivu, sitauvaa. Kijivu ni rangi ya panya."

Lon, katika koti lake jipya la kijivu la vita, alisikia akacheka. Isom hakucheka. Alikuwa akimtazama Juno miguuni, ukwato mmoja baada ya mwingine, kwa macho mengine kabisa.

Kampuni yao ilikuwa ya watu wa wilaya moja. Wale waliokutana kanisani na mnadani ndio hao hao sasa walipanda kwa safu, na mwenye uwezo alikuja na mtumwa wake wa kumpikia na kumtunzia farasi. Huko Isom alimkuta Squire, mtu wa Gideon Maddox wa shamba la jirani. Squire alikuwa mfupi, mdomo wake hauna mlango, na alikuwa na mwana mmoja nyumbani, Amos, ambaye hakupita siku bila kumtaja. Amos kafanya hivi, Amos kamjibu mchungaji vile. Ukikaa naye siku mbili unamjua Amos hata kwa kikohozi.

"Isom, bwana wee," alikuwa akimtania, "huyo farasi umemwoa lini? Maana hata marehemu shemeji hukumchana nywele hivyo."

"Nyamaza, Squire."

"Nimenyamaza. Ila siku ya harusi msininyime ubwabwa wangu."

Vicheko vikiisha, Squire alitazama ng'ambo, kokote walikokuwa, maana katika vita vile kila mara kulikuwa na ng'ambo. "Wale kule ni Mayanki, watu wa Kaskazini," alisema. "Mtu akivuka, anajimiliki."

"Na Thenie je?"

"Na Amos je? Nami niko hapa kwa hilo hilo. Nasema tu. Kusema si kuvuka."

Wakapigana. Sitawachosha kwa majina ya mapigano, wazungu wameyajengea sanamu za kutosha. Walipanda mpaka Pennsylvania wakarudi wachache. Kiangazi farasi walikufa kwa risasi, na baridi ilipokuja walikufa kwa njaa, wakiguguna magome ya miti na kutafunana mikia. Aliyefiwa na farasi akatupwa nyuma na magari ya mizigo, katika kundi ambalo wenzake waliliita Kampuni Q, na akipita walimlilia kama punda. Lon aliliogopa kundi lile kuliko mizinga.

Lakini Juno aliishi. Isom aliiba mahindi ya maafisa ili ale. Alitembea maili kwa maili akikata nyasi kwa kisu na kuzibeba mgongoni. Mvua ikinyesha blanketi lilikuwa la Juno, na Isom alijifunika gunia. Viatu vya chuma vilipoadimika, alifanya kama walivyofanya wote: mapigano yakiisha aliingia uwanjani na shoka, akawakata farasi waliokufa juu kidogo ya kwato, akaifunga ile miguu kwa kamba na kuitundika nyuma ya tandiko, ili wakipiga kambi ang'oe viatu na misumari. Juno alitembea na miguu ya wenzake ikimgongagonga ubavuni. Mara moja Isom alimkuta farasi aliyelala bado anapumua. Akaketi kando yake, shoka magotini, akamwambia, "Usiharakishe, mama. Nami sina pa kwenda." Akangoja mpaka mwisho.

Ni vigumu kumchukia unayemlisha kwa kiganja chako kila siku. Juno alijifunza kumjua kwa hatua zake, akawa anamwita kwa mlio mdogo wa puani kabla hata hajatokea. Isom alimjibu kwa matusi, lakini alimjibu. Akawa anamwambia habari za Thenie. Akawa anamwambia hata za Wiley.

Krismasi ya mwaka wa tatu Lon alipata ruhusa akaenda nyumbani kwa treni. Isom alibaki kambini na Juno, maana nani angemwachia? Lon aliporudi, Isom alimkimbilia kabla hajateremsha hata mkoba.

"Bwana Lon, Thenie mzima?"

Lon alikuwa akihangaika na kifungo cha mkoba. "Mzima. Amerefuka. Kakufumia hizi."

Zilikuwa soksi za sufu, za kijivu.

"Za kijivu?" Isom akacheka, mara ya kwanza baada ya miezi mingi. "Thenie? Si anasema ni rangi ya panya!"

"Hicho ndicho kilichopatikana, Isom. Kuna vita." Kisha Lon akauliza, "Na Juno je? Anakula?"

Soksi zilimpwaya. Isom akamwambia Squire kwamba mtoto amesahau mguu wa babake, na akazivaa hivyo hivyo, akazivaa baridi yote na hata baridi ilipoisha.

Asubuhi moja ya Aprili, Juno alimwita kwa mlio wake, na Isom alipofika akaona tundu moja la pua lina unyevu mzito, wa njano, umegandia kwenye manyoya. Akaufuta kwa kitambaa. Akapapasa chini ya taya. Palikuwa na uvimbe mgumu wa ukubwa wa yai la njiwa.

Alijua ni nini. Kila aliyelala na farasi katika jeshi lile alijua. Ni ugonjwa wa makamasi, hauna dawa, na amri ilikuwa moja: farasi anapigwa risasi siku ile ile, na ndoo yake, kamba yake na blanketi lake vinatiwa moto, maana mmoja akiachwa ataumaliza mstari mzima wa farasi waliofungwa pamoja. Isom alisimama na kile kitambaa mkononi. Aliyemwona wala hakuwa Juno. Alimwona Bibi Augusta na bakuli la njegere.

Akakikunja kitambaa, akakitia mfukoni.

Tangu hapo kila alfajiri alimfuta kabla Sajini Hobgood hajapita kukagua. Akamfunga mwisho kabisa wa mstari, akisema anauma wenzake. Akampa ndoo yake peke yake, akachonga alama ya msalaba mpinini, na hakumruhusu anywe penginepo. Sajini alipita akampiga Juno kofi la kirafiki shingoni. "Mjomba, huyu atatuzika sote," alisema. Isom akacheka inavyotakiwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na Isom aliijua methali hiyo kwa namna ya kwao, lakini mtu akishafika maji ya shingo haulizi tena kina. Alijisemea, bora nimfikishe kiangazi. Vita vitaisha kiangazi. Kila mtu alisema vitaisha kiangazi.

Mwezi wa Mei mapigano yalianza upya, na safari hii hayakupumzika. Walipanda mchana kutwa katika moshi wa misitu inayoungua, farasi ndimi nje. Adhuhuri moja walisimamishwa kando ya kisima cha shamba lililohamwa, wakaambiwa wanyweshe upesi, wanaondoka sasa hivi. Isom alikuwa ndiyo kwanza amemnywesha Juno. Squire akaja mbio, anamvuta farasi wa Maddox, yule mkubwa wa rangi ya majivu. Ndoo ya Squire ilikuwa imepasuliwa na gurudumu la mzinga.

"Nipe ndoo, ndugu yangu."

"Ngoja ya mtu mwingine."

"Ngoja nini? Hujasikia tarumbeta? Wote wanazitumia. Nipe hiyo, wewe umekwisha."

Isom hakuiachia. "Juno ana wivu na ndoo yake," alisema, na hata yeye aliona upuuzi wa maneno yale.

"Isom, ni ndoo tu, sijakuomba mke!" Askari wawili waligeuka wakatazama. Mmoja akauliza, "Mjomba, ndoo hiyo ina nini?" Na kule mbele Sajini Hobgood naye akageuza kichwa.

Isom akampa.

Aliimwaga ile ndoo kwanza, akaisuuza, akaipangusa kwa mkono wa shati. Squire akamsonya, "Leo umekuwa bibi harusi, bwana." Kisha farasi wa majivu akazamisha pua yake yote mle ndani, akanywa mpaka akaifikia mbao ya chini, na Isom alisimama akisikiliza kila funda linavyoshuka.

Mwanzoni mwa Juni farasi wa Maddox alianza kutoa makamasi pande zote mbili. Yeye ugonjwa ulimwendea mbio, haukujificha kama kwa Juno. Hobgood alimpiga risasi nyuma ya magari. Maddox akapewa ruhusa ya kwenda kutafuta farasi, akaondoka na tandiko begani, wenzake wakimlilia kama punda.

Squire akabaki kambini akiwapikia wengine. Na mdomo ule usio na mlango ukafungwa.

"Unadhani atauza ardhi?" alimuuliza Isom siku moja, akikoroga chungu.

"Labda atauza ardhi."

"Ana ile ya bondeni. Ni ardhi nzuri. Ningekuwa mimi ningeuza ile." Akaonja, akatema. "Amos bado mdogo. Nani atanunua mtoto wakati huu wa vita? Kula yake tu hasara."

"Hakuna atakayenunua," Isom alisema. Mkono wake ulikuwa mfukoni, umekishika kile kitambaa, nacho kilikuwa na ubichi wa asubuhi.

Siku zote zile hakumwambia habari ya ndoo. Sitamtetea. Wala nisingependa kuwa mahali pake.

Maddox alirudi mchana wa jua kali, kampuni ikiwa imepiga kambi kusini mwa Petersburg, amepanda farasi mweusi mrefu anayemetameta. Watu wakamzunguka. Squire alitoka jikoni akashika hatamu, kama kazi ilivyomtaka. Isom alikuwa hatua chache kando, na Juno.

"Umempata wapi huyu, Gideon?" mtu akauliza.

"Richmond," Maddox alisema, akishuka. "Nilimtoa yule mvulana wa Squire. Sikutaka, lakini ningefanyaje?" Na papo hapo, kama mtu anayekumbuka salamu za njiani, akamgeukia Lon. "Mamako anakusalimu. Hajambo, ila analalamika. Anasema tangu alipokauza kale kasichana ka Isom, ile Krismasi uliyokwenda, hana hata wa kumchotea maji."

Lon akakohoa. Maddox akamwona Isom, akasema, "Ah," akaanza kulegeza mkanda wa tandiko.

Isom akatazama miguu yake. Zile soksi zilikuwa zimetoboka vidoleni, na kijivu chake kilikuwa kimegeuka rangi ya udongo. Zilitoka kwa nani? Kwa fulani asiyejulikana, labda. Mfu yeyote yule.

Farasi mwenye jasho hasimamishwi juani, kila mtunza farasi anajua, basi Squire alimchukua yule mweusi na kuanza kumzungusha, taratibu, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka jasho likamkauka. Isom alimtazama akizunguka. Alizijua hatua zile.

Asubuhi iliyofuata Isom hakumfuta Juno pua. Alimtoa mwisho wa mstari akamsimamisha mbele, mahali penye mwanga, akangoja.

Hobgood alifika akarudi nyuma. "Mjomba, huyu ana nini?"

"Ana makamasi, Bwana Sajini. Tangu Aprili."

Watu wakawavuta farasi wao mbali, wakisukumana. Lon akaja mbio, uso mweupe kama unga.

"Tangu Aprili! Na hukuniambia?"

"Nawe tangu Krismasi, Bwana Lon."

Lon alimchapa kwa hatamu usoni, mara mbili. Kisha akasema, kwa sauti ya kulalama karibu kama mtoto, "Ningekuambia, ungenitunzia farasi?" Na huo ndio ulikuwa ukweli wote, ameutoa mwenyewe.

Juno alikataa kwenda na Hobgood. Alipiga mateke, akainua kichwa, akaita kwa mlio wake ule. Ikabidi Isom ampeleke yeye. Alimpeleka mpaka kwenye shimo alilochimbiwa, akaweka kiganja kwenye baka jeupe, akamwambia, "Haya, mama. Hukuwa na kosa." Akalia. Alimlilia Juno, na Thenie, na Wiley, kwa machozi yale yale, mbele za wazungu, na hakujipangusa.

Lon alimngoja njiani. Hakuwa na hasira tena, alikuwa na mahesabu. "Nimepewa ruhusa ya kwenda kutafuta farasi," alisema. "Kesho tunapanda treni, mimi na wewe. Umebaki wewe tu, Isom."

Adhuhuri watumwa waliwapeleka farasi kunywa mtoni. Squire alikuwa na yule mweusi. Isom alimfuata bila farasi. Ng'ambo, Mayanki walikuwa wakifua mashati, mmoja anapiga mluzi. Squire alimwachia mweusi hatamu akanywe, akakaa kwenye mchanga akivua viatu, wala hakugeuka.

"Wanasema tangu Aprili," alisema.

"Ndiyo."

"Ile siku ya ndoo ilikuwa Mei."

"Ndiyo."

Squire akavifunga viatu kamba kwa kamba, polepole. "Ungeninong'oneza tu. Ningemnywesha yule wa majivu kwa kofia yangu."

"Niliogopa, Squire. Hobgood alikuwa anatazama."

"Mimi ningekufichia!" Hapo akageuka, na Isom alitamani asingegeuka. "Mimi, Isom! Ningekufutia huyo farasi pua kwa ulimi wangu kama ungeniambia ni kwa ajili ya Thenie. Ulidhani mimi ni nani?"

Swali lile Isom alilibeba mpaka anakufa.

Squire akatundika viatu shingoni. "Leo kusema kumekwisha. Vuka. Lakini usinisemeshe tena." Akaingia majini.

Katikati ya mto mkondo ulimzoa Isom miguu, naye hakujua kuogelea. Akameza maji, akazama. Mkono ukamshika ukosi, ukamvuta mpaka kwenye matope ya ng'ambo, ukamwachia. Alipofumbua macho Squire alikuwa amekwisha kupanda ukingo, anakwenda zake, maji yanamchuruzika. Nyuma yao mtu alipiga risasi moja, ikaishia mtini.

Vita vilipokwisha wote wawili walirudi wilaya ile ile, kila mmoja kwa njia yake. Mnashangaa? Mtoto aliyeuzwa akitafuta kwao atarudi pale alipotolewa. Hivyo walirudi wakangoja pale. Isom alifungua karakana ya uhunzi njia panda, mahali ambapo hakuna mgeni apitaye asimwone. Squire alilima kipande cha ardhi ya bondeni, ile ile ya Maddox. Kila mwaka kanisani yalisomwa majina ya waliopotea: Wiley na Thenie wa Isom, Amos wa Squire. Wasomaji walibadilika, majina yakabaki yale yale. Hakurudi hata mmoja.

Walikaa kanisani benchi mbalimbali. Squire alipopata farasi, alimleta kwa Isom kuvishwa viatu, maana mhunzi mwingine hapakuwa. Alimfunga nguzoni bila salamu, akaenda kungoja kando ya ua. Isom hakumtoza. Mlangoni pa karakana palikuwa na ndoo safi ya maji kwa farasi wa kila mtu, na kila mtu aliitumia. Squire peke yake ndiye aliyekuja na ndoo yake kutoka nyumbani, ameining'iniza kwenye gari. Kiangazi na kipupwe, miaka nenda miaka rudi. Sisi watoto tulidhani ni ubahili.

Isom alikufa mwezi wa Machi, njia zikiwa matope matupu. Gari la kubebea jeneza lilikuwa moja tu huku kwetu, la Squire, basi wazee wakaenda kumwomba wakiwa na wasiwasi. Alikuja. Alisimamisha gari mbele ya karakana, akateremka kwa shida, magoti yake hayakuwa tena magoti. Tukadhani atasaidia kupandisha jeneza. Badala yake akaanza kumfungua farasi.

"Babu Squire, vipi tena?" mchungaji akauliza. "Makaburini mbali, na tope hili."

"Huyu hakokotwi na farasi," Squire alisema. "Vijana, shikeni gari."

Kisha akamvuta farasi mpaka mlangoni, akainua ndoo ya Isom kwa mikono miwili, ikimwagika kidogo, akamshikilia mnyama akanywa. Alingoja mpaka akatosheka. Akaiweka ndoo chini mahali pake, akaja akashika mti wa gari upande wa kulia, mbele kabisa, akasema, "Haya, twende."

Tukalivuta wenyewe, topeni, mpaka makaburini.